Mume wangu hakunipeleka fungate

"Shangazi, shikamoo. Niliolewa mwezi uliopita. Mume wangu aliniahidi fungate, lakini sherehe ilipokwisha tukafungiwa nyumbani kwao siku saba. Hatutoki, mama mkwe ndiye analeta chakula mpaka mlangoni. Wenzangu wameenda Zanzibar, wengine Dubai, na picha zao naziona kila siku. Nikilalamika, mume anasema fungate ndiyo hiyo. Nahisi nimeolewa na bahili. Nirudi kwetu?" – Niliyenyimwa, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole kwa donge. Pole imeisha, sasa sikiliza.

Mumeo hajakudanganya. Fungate ni neno la zamani la saba. Saba tunayoitumia leo ni ya Kiarabu, pamoja na sita na tisa. Ile ya Kibantu majirani zako hawajaitupa: Mzigua anahesabu mfungate, Mgiriama kule Kilifi fungahe, na hata Msukuma wa mbali anasema mpungati. Sisi watu wa pwani tumeibakiza kwenye harusi tu, kwa zile siku saba maharusi wanazokaa ndani, hawapiki wala hawafagii, chakula wanaletewa, na somo, yule mama aliyemfunda bibi harusi, yuko karibu kwa lolote. Ndege na hoteli zimekuja juzi, zikaazima jina. Kwa hiyo aliahidi fungate, akakupa fungate. Hukumuuliza itakuwa wapi, ulidhani.

Halafu barua yako ina mambo imeyaruka. Wenzako nimewaona, picha zao nimezisikia, lakini hizo siku saba mlizungumza nini wewe na mumeo? Hakuna hata neno. Mama mkwe umemwandika kama askari jela. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mama amekulisha wiki nzima, jembe hujaliona. Ulimwambia ahsante? Barua haisemi. Mimi niko upande wake, na sifichi.

Na sherehe nayo umeipita mbio. Ukumbi, gauni, keki, magari, vilichaguliwa na nani? Bahili hafanyi sherehe ya ukumbini, mwanangu. Siku hizi ndoa zinaanza na kamati na kadi za michango, zinaishia kwenye kukwepa simu za wadai, na katikati hapo watu wawili hawajapata jioni moja ya kukaa na kujuana. Mnawahi kupiga picha kabla ya kujua mwenzio anakoroma au hakoromi! Hao wa Dubai nao, usione vyaelea, vyaundwa, na vingine vimeundwa kwa mkopo.

Kurudi kwenu usithubutu. Ukifika utamwambia mama yako kosa gani, kwamba ulilishwa na kupumzishwa? Kesho ingia jikoni, sahani ya kwanza mpelekee mama mkwe. Zanzibar haihami, na kutoka Tanga ni karibu. Wekeni akiba muende mwakani. Ila kabla hujamwita mumeo bahili tena, muulize kwa upole deni la ukumbi limebaki kiasi gani.