Kidole kikijigonga, mbona maumivu yanachelewa?

SWALI: Habari daktari. Nikijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda, kwanza nasikia ule mgongano wenyewe, alafu inapita kama sindano kali, alafu baada ya muda ndo yanakuja maumivu ya kuunguza ambayo hayaondoki. Nikikisugua napata nafuu. Kwa nini iwe hivyo na kidole ni kimoja? Na mama yangu ana kisukari, anasema nyayo zake zimekuwa kama zina ganzi, inahusiana?

JIBU: Inahusiana sana, na suala la mama nitalifikia. Kwanza ujue kwamba ngozi haina hisia moja inayoitwa mguso, ina vipokezi vya aina tofauti na kila aina ina kazi yake. Vya Meissner viko juu juu, vimejaa kwenye ncha za vidole na midomo, vinanasa mguso mwepesi na kitu kikianza kukuteleza mkononi. Vya Merkel vinahisi kingo na mgandamizo unaoendelea, vya Ruffini ngozi ikivutwa, na vya Pacini vimezama ndani zaidi vinasubiri mtetemo, hasa ule wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Maumivu, joto na baridi vyenyewe vina ncha za neva zilizo tupu, hazijafunikwa na kitu.

Mguso unageukaje kuwa umeme? Ngozi ikibonyea, utando wa neva unavutika, na kwenye huo utando kuna protini inaitwa Piezo2 ambayo inafunguka, chembe zenye chaji zinaingia ndani na hapo hapo ishara inaanza safari. Timu ya Ardem Patapoutian iliitangaza mwaka 2010, na mwaka 2021 akapewa Nobel pamoja na David Julius, yule aliyegundua kipokezi cha joto kwa kutumia kiini cha ukali wa pilipili. Wapo watu wachache wamezaliwa Piezo2 yao haifanyi kazi, yaani wakifumba macho hawajui hata mkono wao uko wapi, mimi nikisoma habari zao ndo naona mguso ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani.

Sasa kidole chako. Neva za mguso ni nene na zimezungushiwa mafuta yanayoitwa mielini, kwa hiyo ishara inakimbia mita 35 hadi 75 kwa sekunde, ule mgongano unaufahamu papo hapo. Maumivu ya sindano yanapita kwenye neva nyembamba zenye mielini kidogo, mita 5 hadi 30. Yale ya kuunguza yanapita kwenye neva nyembamba kabisa zisizo na mielini, mita 1 hivi kwa sekunde, na toka kidoleni mpaka uti wa mgongo kwa mtu mzima ni kama mita moja, piga hesabu mwenyewe.

Kusugua kunasaidia kwa sababu zile neva nene zikiamka zinachochea seli ndogo ndani ya uti wa mgongo ambazo zinapunguza ishara ya maumivu kabla haijapanda juu. Watafiti Melzack na Wall walilieleza mwaka 1965, wakalifananisha na geti. Baadaye wengine wamerekebisha mambo mengi kwenye maelezo yao ila wazo lenyewe limebaki.

Kitu kingine, njia zenyewe haziendi pamoja. Mguso mwepesi unapanda upande ule ule wa uti wa mgongo na kuvuka upande wa pili ukishafika chini ya ubongo, maumivu yanavuka mapema tu yakishaingia. Ndo maana mtu akiumia nusu ya uti wa mgongo anaweza kupoteza mguso mguu mmoja na maumivu mguu mwingine!

Kuhusu mama, tafadhali msisubiri. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva, na zinazoanza ni zile ndefu zaidi, ndo maana ni nyayo. Hatari ni kupata kidonda asichokisikia. Aangalie nyayo zake kila siku, chini na katikati ya vidole, kwa kioo au wewe umwangalizie, asitembee peku, na maji ya moto asiyapime kwa mguu. Kliniki mwombe apimwe kwa ule uzi wa plastiki wa gramu 10, wanaugusisha kwenye unyayo akiwa amefumba macho kuona kama anausikia, hauumi na hauchukui muda.