Barua kwa Mwanangu Kuhusu Namba ya Mersenne

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia hapa Bombo. Umeniuliza Frank Nelson Cole, yule mwanahisabati wa Marekani, alivipataje vigawo vya 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1. Hakujaribu kila namba, kwa kuwa kila kigawo tasa (kisichogawanyika ila kwa 1 na kwa chenyewe) cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 134. Yaliyosalia yalikuwa kazi ndefu ya mkono. Lakini sina raha na sifa anazopewa Cole peke yake.

Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye namba za aina hii zimepewa jina lake, aliiorodhesha namba hiyo kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Njia yake, kama mwanahisabati Lehmer alivyoinyoosha baadaye, uijaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31 ushike baki, kisha urudie, hatua zikiwa pungufu kwa mbili kuliko kipeo. Utapata 14, halafu 8, halafu 0, na 0 hiyo ya hatua ya tatu inathibitisha kwamba 31 ni tasa. Kwa 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1, baada ya hatua tisa utaishia kwenye 1736 badala ya 0, kwa hiyo si tasa, nawe hujagusa 23 wala 89. Kujua kwamba kosa lipo ni ujuzi kamili.

Unakumbuka marehemu babu yako alivyokagua hesabu za duka kwa kutupa tisa, yaani kulinganisha baki za namba zikigawanywa kwa 9. Nilipokuwa karani wa chama kimoja cha ushirika, nilitumia njia hiyo nikaona kwamba jumla ya malipo ya kahawa ya kiboko (iliyokaushwa na maganda yake) haiwezi kulingana na jumla ya kilo zikizidishwa kwa bei. Meneja akaniambia nimwonyeshe mstari wenye kosa au ninyamaze. Mwenzangu aliyeupata mstari huo baadaye ndiye aliyepongezwa mbele ya wanachama, na jambo hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu kujua kwamba kosa lipo ni ujuzi kamili.

Hata hivyo, mkulima aliyepunjwa hakulipwa haki yake mpaka mstari wake ulipoonekana. Na Cole, Oktoba 1903 huko New York, inasimuliwa kwamba alizidisha ubaoni 193707721 kwa 761838257287 bila kutamka neno, na kila aliyejua kuzidisha aliweza kumhakiki, ilhali uthibitisho wa Lucas unamtaka msomaji aielewe kwanza nadharia yake. Ukitupa tisa, vigawo vyote viwili vinabakiza 1, na zao lao vilevile, ingawa hilo peke yake halithibitishi kitu.

Nani kati yao anastahili zaidi? Ulimi unaniwasha, mwanangu, nawe unajua ningemtaja nani, lakini sitamtaja. Zidisha namba hizo mbili kwa mkono wako, ufanye na zile hatua tisa za 2047, ndipo uniandikie wewe unaonaje.

Mama yako