Povu lililopasuka na kambakochi mwekundu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikichora kwa rangi za mafuta maisha ya wavuvi wa kambakochi wa Maine, Marekani, nikitumia picha nilizopiga nilipokuwa huko. Povu la mawimbi, ambalo nililipaka nene kwa nyeupe, limeanza kupasuka. Bahari nayo, hata nikiongeza bluu, imesimama wima kama ukuta. Tena rafiki aliyewahi kufanya kazi kwenye boti hizo alipowaona kambakochi niliowachora sitahani aliuliza nani amewapika. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na povu, maana hilo likikosewa halitibiki kwa brashi.

Geuza tyubu yako ya nyeupe usome maandishi madogo ya nyuma. PW6 ni titani, PW4 ni zinki. Tyubu nyingi zinazouzwa kwa jina la nyeupe ya titani zimechanganywa na zinki, ndiyo maana nasema soma namba, jina liache. Zinki ikikaa ndani ya mafuta huzaa aina ya sabuni, na utando wa rangi unakuwa mkavu, mwepesi kuvunjika. Baada ya muda hupasuka, na wakati mwingine hubanduka kabisa kutoka tabaka la chini. Kwa povu nene tumia tyubu yenye PW6 peke yake.

Kama zinki haimo, basi shaka yangu iko kwenye mpangilio wa matabaka. Rangi za mafuta hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta hunyonya oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kidole chako kinavyokuambia. Ukipaka tabaka linalokauka haraka juu ya lile lenye mafuta mengi ambalo bado linajivuta, la juu litapasuka tu. Kwa hiyo anza kwa rangi iliyopunguzwa kwa tapentaini, kisha ongeza mafuta ya kitani kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Mchoro wa awali ufanye kwa amba iliyochomwa (burnt umber, rangi ya udongo ya kahawia iliyokolea): ina manganizi, hukauka mapema. Ule uliokwisha pasuka usiupake tena juu, nyufa zitatokea upya.

Sasa bahari. Hapa nakuomba uweke bluu pembeni kabisa kwa wiki moja na uchore kwa nyeupe na amba tu, kwa sababu ninavyoamini mimi shida yako si rangi, ni mwanga na giza. Maji yaliyo karibu na miguu yako unayatazama kutoka juu, kwa hiyo jicho linapenya: unaona mawe, mwani, rangi ya maji yenyewe. Kadiri yanavyokwenda mbali unayatazama kwa ubapa, na yanageuka kioo cha mbingu. Ila ni kioo chenye mikunjo. Mgongo wa kila wimbi umeinuka kidogo kukuelekea, kwa hiyo haukuonyeshi mbingu ya pale upeoni bali ile iliyo juu zaidi, ambayo kwa kawaida ina giza zaidi. Ndiyo sababu siku nyingi mstari wa upeo unakuwa na bahari nzito chini na anga jeupe juu. Mtu anayepaka bluu ileile kutoka chini hadi juu ya turubai ameuondoa mlalo wote wa maji, na bahari inasimama wima kama ulivyosema.

Kilele cha wimbi kabla halijavunjika ni chembamba na mwanga hupita ndani yake, kwa hiyo weka kijani angavu hapo, mahali pachache tu. Na povu lenyewe, nakusihi, lisiwe jeupe! Sehemu iliyo kivulini ni kijivu chenye ubluu. Picha za kamera hukudanganya hapa, kwani mara nyingi huunguza povu lote likawa doa tupu na kuzamisha vivuli vya miamba vikawa vyeusi. Nyeupe safi ihifadhi kwa miguso mitatu au minne pale jua linapopiga.

Mchoraji wa Marekani Winslow Homer alihamia Prouts Neck, kwenye pwani hiyohiyo ya Maine, mwaka 1883, na makazi yake yalikuwa huko hadi alipofariki mwaka 1910. Ukipata nafasi ya kutazama bahari zake, angalia miamba kabla ya mawimbi: giza la miamba ndilo linalolifanya povu liwake. Nawe unao msaada huo bure, kwani maji yakipwa huacha mkanda mweusi wa mwani juu ya mawe.

Rafiki yako amesema kweli. Kambakochi wa Maine akiwa hai ni kijani kilichoelekea hudhurungi, karibu cheusi mgongoni, na rangi ya chungwa kwenye maungio. Wekundu umo ndani ya gamba tangu mwanzo, lakini umefungwa na protini. Moto ndio unaoufungua. Mchanganye kwa bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa (burnt sienna, rangi ya udongo ya kahawia yenye wekundu), nyekundu yenyewe usiiguse. Koleo zake mbili zisifanane: moja ni nene ya kupondea, nyingine nyembamba ya kukatia.

Kagua pia boti zako. Usukani na winchi ya kuvutia kamba kwa kawaida viko upande wa kulia, na mvuvi husimama hapo. Ukiigeuza picha ili mpangilio upendeze, umemhamishia kazi upande asiousimamia. Kila mvuvi ana rangi zake za maboya, na sheria ya Maine inamtaka azionyeshe kwenye boti yake; basi boya unalolichora majini karibu naye, akiwa analivuta, lifanane na lile lililo botini. Likiwa jeupe, taswira yake inayoakisiwa majini iwe na giza kidogo kuliko lenyewe. Likiwa jeusi, taswira iwe nyepesi kidogo.