Ukitumwa kupima ruzuku ya sola na majiko banifu

Kazi yako ya kwanza itaanza na jedwali. Kampuni iliyopewa ruzuku itakuonyesha idadi ya taa za sola ilizouza, majiko banifu iliyosambaza, tani za hewa ukaa zilizoepukwa na ajira za vijana na wanawake. Mfadhili naye ana jedwali lake, na mara nyingi yanafanana neno kwa neno, kwa sababu la pili limenakiliwa kutoka la kwanza. Usiyadharau, ila ujue yanakwambia tu kitu gani kimetoka ghalani. Wewe umelipwa kujibu swali jingine: bila ile ruzuku, nini kisingetokea?

Wageni wengi wa kazi hii humuuliza mkurugenzi wa kampuni swali hilo ana kwa ana. Atasema bila mfadhili wasingefika popote. Ulitegemea aseme nini? Omba mihutasari ya bodi na bajeti za mwaka mmoja kabla ya maombi ya ruzuku. Kama tawi la Sumbawanga lilikuwa tayari kwenye mpango na fedha zake zimetengwa, ruzuku haikulifungua. Iliwapunguzia wenye hisa gharama, basi. Watakunyima mihutasari mara ya kwanza, waombe tena kwa maandishi na nakala umpelekee mfadhili.

Usivuke mpaka upande wa pili, ukaamini kwamba kampuni yenye fedha zake haistahili msaada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo, DFID, iliipa kampuni ya simu ya Vodafone karibu pauni milioni moja za kujaribu huduma ya fedha kwa simu, na Vodafone nayo ikaweka mchango wake. Kampuni kubwa namna hiyo haikukosa pesa. Kilichokosekana ni mkubwa wa ndani aliye tayari kulipa kipaumbele wazo dogo la Kenya, na fungu lile la nje likalipenyeza. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom mwaka 2007, ikawa ndiyo njia ambayo biashara ya sola ya lipa kidogo kidogo ingepitia baadaye. Nick Hughes, aliyekuwa nyuma ya M-Pesa pale Vodafone, ni mmoja wa waanzilishi wa M-KOPA, kampuni iliyouza sola kwa mtindo huo. Tathmini iliyofanywa mwaka mmoja baada ya fedha kutoka isingeona lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo tafuta kizuizi kilichoondolewa. Ruzuku hutolewa kana kwamba shida ni bei siku zote, kumbe siyo. Watafiti wawili, Berkouwer na Dean, walifanya jaribio Nairobi na jiko la mkaa la Jikokoa lililouzwa takriban dola 40. Familia zilizolitumia ziliokoa kama dola 120 za mkaa kwa mwaka. Hata hivyo, kwa wastani watu walikuwa tayari kulipa dola 12 tu. Walipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi hicho kikawa karibu mara mbili. Jiko lingejilipa ndani ya miezi michache, ila fedha ya mkupuo haikuwepo mfukoni. Ukikuta mfadhili amemwaga mamilioni kwenye punguzo la bei mahali ambapo watu walihitaji mkopo, hiyo ndiyo taarifa yako, hata kama majiko yote yaliisha dukani.

Mkopo nao una yake. Kampuni inayolipwa kwa kila mtambo uliouzwa vijijini itauza, hata kwa mkulima ambaye wakala anajua fika kwamba hatalipa baada ya msimu wa pamba. Omba daftari la marejesho, ligawe kwa mwezi wa mauzo, uone waliokopa kipindi cha ruzuku wanalipaje wakilinganishwa na waliokopa kabla yake. Wastani wa kampuni nzima hauna maana hapa, maana wateja wapya huficha madeni ya wa zamani. Mobisol ya Ujerumani iliuza mitambo mizuri ya sola kwa mkopo Tanzania, Rwanda na Kenya, na bado mwaka 2019 ikafilisika, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Ubora wa bidhaa ni jambo moja, hesabu za kampuni ni jingine.

Halafu ingia jikoni. Aliyesaini mkataba huenda ni baba, anayepika ni mama au binti, na dodoso linalojazwa sebuleni na baba halifai kitu. Muulize mpishi jana walipika nini na kwa jiko lipi. Utakuta jiko jipya linachemsha chai na maharage bado yako kwenye mafiga nje, kwa sababu sufuria kubwa haikai. Pima mkaa kwa mizani, usiridhike na "tunatumia kidogo siku hizi". Huko Odisha, India, utafiti wa Hanna, Duflo na Greenstone ulifuatilia familia hadi miaka minne: majiko yaliharibika, hayakutengenezwa, yakaachwa, na nafuu ya moshi iliyoonekana mwaka wa kwanza ikatoweka.

Kama kampuni inauza hati za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa inazodai kuziepusha, kaza macho zaidi. Mwaka 2024 watafiti walichambua sampuli ya miradi ya majiko duniani na kukuta imetoa hati zaidi ya mara 9 ya upunguzaji wanaoukadiria wao. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na matumizi yaliyokuzwa, nyingine na kudhani karibu kuni zote zinatoka misitu isiyoota tena. Hapo uongo hauhitajiki, inatosha kila mmoja kuchagua tarakimu inayompendeza.

Jambo la mwisho ni muda, nalo lipiganie kabla ya kusaini mkataba wako. Bajeti ya tathmini hufungwa siku ileile mradi unapofungwa, wakati mawakala bado wanalipwa posho na kila kitu kinang'aa. Omba siku za kazi za mwaka mmoja au miwili baadaye. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Power Africa, mpango wake wa umeme barani Afrika uliokuwa ukihesabu nyumba zilizounganishwa na umeme tangu 2013, ukaishia hapo. Kwa mpimaji hiyo ni nafasi adimu: maduka yaliyotegemea fedha hizo yapo au yamefungwa, na huhitaji kubahatisha. Uliza kama betri bado zinapatikana, kwa bei gani, na fundi analipwa na nani. Nenda mapema, kabla wenye maduka hawajasahau bei za zamani.