Propela ya 19 inailemea mashine yako

Ndugu, umesema mashine yako inatakiwa kufika mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika, lakini ukifungua mafuta yote inaishia 4,700, na sasa unataka kununua propela kubwa zaidi ili boti ikimbie. Usinunue. Mashine imeshalemewa, na ukiizidishia mzigo utaiua.

Soma namba zilizogongwa kwenye propela. Hiyo 13 x 19 ya propela yako maana yake kipenyo ni inchi 13, na pichi ni inchi 19, yaani umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kwa kawaida ukipunguza pichi kwa inchi moja, mizunguko hupanda kama 150 hadi 200. Kwa hiyo pichi ya 17 itakufikisha mizunguko 5,000 au kidogo tu zaidi, yaani mwanzo kabisa wa kiwango kinachotakiwa. Mimi ningechukua 15.

Kabla ya kutoa pesa, rudia jaribio la kufungua mafuta yote ukiwa na mzigo wako wa kila siku: watu, mafuta, vyombo vyote. Wengi hujaribu boti tupu, halafu wanashangaa. Angalia pia sehemu ya chini ya boti. Uchafu na chaza vikiganda hapo hupunguza mizunguko vilevile, na kukwangua hakugharimu kitu.

Kuhusu propela ya chuma cha pua, chuma hicho ni kigumu na hakipindi ovyo, ila ukigonga mwamba, kishindo kinaweza kuishia kwenye gia. Kama maji yenu yana miamba, baki na propela ya alumini.