Mbili kwa moja: ya kukunja au ya kuchomoa?

Kompyuta zinazogeuka kishikwambi ziko za namna mbili, na maswali mengi mliyoniletea yanaangukia hapo. Kuna zenye bawaba ya nyuzi 360, ambazo kioo kinapinduliwa hadi kikalala nyuma ya kibodi. Lenovo Yoga ya mwaka 2012 ndiyo iliyoutangaza mtindo huo, na HP nao wana x360 zao. Halafu kuna zile ambazo zenyewe ni kishikwambi, kibodi inapachikwa na kuchomolewa, kama Surface Pro ya Microsoft. Nimechagua maswali sita.

Shikamoo. Nafundisha Biolojia sekondari, hapa Morogoro. Kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 kinanifaa kusomea, lakini kutungia mtihani ni taabu. Nataka mashine ya kutungia mitihani, kuandalia masomo na kuzunguka nayo darasani. Nichukue ipi?

Marahaba, mwalimu. Tazama kwanza mikono yako inafanya nini saa nyingi za siku. Mtihani wa Biolojia ni kuchapa kurasa kadhaa, kupanga majedwali, kuweka michoro mahali pake. Hiyo ni kazi ya kibodi, na kwa kazi ya kibodi mimi nasema chukua ya kukunja bila kusita. Kibodi yake ni ngumu na imeshikana na kioo, kwa hiyo unaiweka mapajani, kwenye benchi au ndani ya basi na haiyumbi. Surface inasimama kwa mguu unaofunguka mgongoni, na mguu huo unataka meza, tena meza yenye nafasi nyuma ya kioo. Mezani kwako, katikati ya marundo ya madaftari ya wanafunzi, nafasi hiyo utaitoa wapi? Kibodi yenyewe ni nyembamba kama jalada la daftari. Ukiilaza mapajani inabonyea kila unapogonga herufi.

Darasani mambo yanageuka. Surface Pro bila kibodi ina uzito usiofika gramu 800 kwa matoleo mengi ya inchi 12, wakati ya kukunja ya inchi 13 huwa kati ya kilo 1.2 na 1.5. Kubeba kilo moja na nusu kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika, mkono unachoka kabla hujamaliza kuita majina.

Lakini wewe kishikwambi cha darasani unacho tayari. Kwa hali yako, hata kompyuta mpakato ya kawaida isiyogeuka ingekutosha, na kwa bei ileile ungepata yenye RAM kubwa, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kioo kipana zaidi. Huhitaji kulipia bawaba ambayo hutaigeuza.

Niko mwaka wa pili chuoni Dodoma. Kariakoo nimeonyeshwa Surface Pro 4 na ThinkPad X380 Yoga, zote za mtumba, bei zinakaribiana. Surface ina kioo kizuri zaidi. Muuzaji anasema zote ni i5, kwa hiyo hazina tofauti. Ni kweli?

Si kweli, mdogo wangu, na usimlipe kabla hujamaliza kusoma hapa.

X380 Yoga ni ya Lenovo, ya kukunja. Neno i5 ni daraja la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, wala halikuambii umri wake. Tazama tarakimu inayofuata kistari. Surface Pro 4 yenye i5 ina i5-6300U: hiyo 6 ni kizazi cha sita, na mashine ilitoka mwaka 2015. X380 Yoga ina i5-8250U au 8350U, kizazi cha nane. Mstari unapita hapo hasa, kwa sababu kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha vighairi vichache. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Iliwekwa nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya usalama kwa anayejiandikisha, basi. Fundi atakuambia anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye Surface hiyo. Anaweza, ila utabaki na mashine ambayo Microsoft haikuahidi kuihudumia, na wewe bado una miaka ya kusoma mbele yako.

Sasa hesabu bei kamili. Surface huuzwa kishikwambi peke yake. Kibodi na kalamu ni fedha nyingine, na hata chaja yake ni ya sumaku, si ya kuazima kwa mwenzako bwenini. Muulize muuzaji: hii bei ni pamoja na kibodi? Mara nyingi ndipo utakapogundua kwamba bei hazikukaribiana kabisa. X380 ina kalamu yake inayokaa ndani ya tundu na kuchajiwa humohumo. Hakikisha bado ipo, kwa sababu kwenye mtumba ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Ukiishika mashine, fanya haya palepale dukani. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Litatengenezwa faili, lifungue, usome mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo ilionao leo. Ikiwa ya kwanza ni 40,000 na ya pili ni 20,000, umeuziwa nusu ya betri. Kwenye Surface hilo ni zito mno, kwa maana kioo kimegundishwa kwa gundi: kufikia betri lazima kioo king'olewe kwa joto, na vingi hupasuka. Pitisha ukucha pembeni mwa kioo. Kama kimeinuka upande mmoja, betri imevimba. Rudisha mashine mezani uondoke. Isitoshe, Surface Pro 4 ilijulikana kwa kioo kinachotetemeka ikipata joto, hadi Microsoft ikaweka mpango wa kuzibadilisha. Mpango ule ulihusu miaka mitatu tangu kununuliwa, kwa hiyo leo haukusaidii. Iache ikiwaka nusu saa, ukicheza video, ndipo uitazame.

Jambo la mwisho kwako. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni ya ng'ambo. Omba iwekwe upya mbele yako na iunganishwe na intaneti wakati wa kuanza. Ikitokea skrini inayotaka uingie kwa akaunti ya kampuni fulani, mashine hiyo bado iko kwenye orodha ya kampuni hiyo. Pia ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ukiombwa neno la siri ambalo muuzaji halijui, usiinunue.

Kati ya hizo mbili, X380. Hakikisha tu ina RAM ya GB 8 au zaidi, maana kwenye X380, kama kwenye mbili kwa moja nyingi, RAM imechomelewa na haiongezeki.

Mimi ni mhasibu, Mwanza. Nimevutiwa na Surface Pro mpya yenye prosesa ya Snapdragon, wanasema betri inakaa siku nzima. Programu zangu za hesabu zitafanya kazi?

Betri kweli ni nzuri. Snapdragon ni prosesa ya jamii ya ARM, si ya Intel, na Windows 11 inazitafsiria programu za Intel zikafanya kazi, nyingi vizuri tu. Tumetoka mbali tangu Surface RT ya 2012 iliyokataa kabisa programu za kawaida za Windows. Pasipotafsirika ni kwenye draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa. Printa ya zamani, kifaa cha risiti za kielektroniki kilichounganishwa kwa waya, ufunguo wa USB wa kufungulia programu ya hesabu: kama mtengenezaji hakuandika draiva ya ARM, kifaa hakitaonekana. Andika orodha ya kila kinachochomekwa kwenye kompyuta yako sasa, uwaulize waliokuuzia kimoja kimoja. Mmoja akikosa jibu, nunua yenye prosesa ya Intel au AMD.

Niko Mombasa, nina binti wa kidato cha pili. Kuna Chromebook za kugeuka za bei nafuu sana, zilitoka shule za Marekani. Zina kasoro gani?

Mama, Chromebook ni kompyuta inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google, badala ya Windows. Kasoro kubwa ni tarehe. Kila muundo wa Chromebook una siku ambayo Google wataacha kuutumia masasisho. Tangu 2023 Google walisema yaliyotoka kuanzia 2021 yatahudumiwa miaka kumi, lakini miaka huhesabiwa tangu muundo ulipotoka, si tangu wewe uliponunua. Fungua Mipangilio, ukurasa unaohusu ChromeOS, utaiona tarehe hiyo. Kama imebaki chini ya miaka mitatu, huenda isimfikishe binti yako mwisho wa sekondari. La pili: ikiwashwa ikadai akaunti ya shule, haijaondolewa kwenye mfumo wa shule hiyo, na ukiifuta inarudi palepale. Ikivuka vizingiti hivyo viwili, kwa kuandika, kusoma na video za masomo inamtosha vizuri.

Nachora miundo ya hina na kanga, Zanzibar. Kalamu yoyote inafanya kazi kwenye kioo cha kugusa?

Hapana. Kalamu ya ncha ya mpira ni kidole tu kilichorefushwa, haijui umekandamiza kiasi gani. Kalamu za kweli zina mifumo tofauti: ya Surface haiandiki kwenye Yoga inayotumia mfumo wa kalamu wa kampuni ya Wacom, na Apple Pencil ni ya iPad peke yake. Nenda na rula dukani. Chora mistari ya mshazari polepole sana, kiganja kimelala juu ya kioo. Mstari ukitoka na mawimbi, mawimbi hayo utayaona kwenye kila ua la kanga utakalochora. Uliza pia kalamu inatumia betri gani. Kadhaa za Surface zinatumia AAAA, nyembamba kuliko AAA, na si kila duka linayo.

Muuguzi, kijijini Kigoma. Tunatumia sola. Ninunue ipi?

Yoyote inayochajiwa kwa USB-C. Kwa Surface Pro za kawaida tundu hilo lilianza na Pro 7 ya mwaka 2019. Pro 6 na za nyuma yake hazina. Usitegemee pawabenki ya simu, nyingi hutoa wati 10 hadi 20. Tafuta chaja ya gari ya volti 12 yenye tundu la USB-C la wati 45 au zaidi, uiunganishe kwenye betri ya sola moja kwa moja, na fyuzi katikati. Ukipitisha umeme kwenye inveta kwanza unapoteza sehemu yake njiani, na kwenye betri ndogo ya zahanati utaona tofauti ifikapo jioni.