Majirani wa OSPF wamegoma EXSTART

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni fundi wa mtandao Morogoro. Ofisi kuu Dar wana ruta ya Cisco, huku tawini tuna MikroTik, tumeziunganisha kwa taneli ya GRE (njia inayofunga paketi ndani ya paketi nyingine) na OSPF, itifaki ya ruta kupeana njia, inapita humo. Ping inaenda freshi kabisa lakini jirani, yaani ruta ya upande wa pili, hafiki FULL (hatua ya mwisho ya ujirani), anakaa EXSTART (hatua ya katikati) weee halafu anaanza upya. Nimezima na kuwasha ruta zote, nimebadili paswedi, nimefuta eria (kundi la ruta za OSPF) nikaandika tena, hola. Bosi anasema niandike njia zote kwa mkono. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, mwombe bosi akupe muda kidogo, na paswedi na eria usiziguse tena. Ukiona EXSTART ujue hello, zile paketi za ruta kusalimiana, zimeshapita pande zote mbili na zimekubaliwa, yaani eria, paswedi na zile taima za sekunde 10 na 40 vyote viko sawa, kinachogoma ni hatua inayofuata, pale ruta zinapoanza kupeana orodha ya database. Hello haibebi MTU (ukubwa wa juu wa paketi, kwa baiti) ila paketi za orodha zinabeba, na ruta ikiona mwenzake katangaza MTU kubwa kuliko ya kwake inaitupa ile paketi, basi mnabaki hapohapo siku nzima.

Kwenye Cisco washa debug ip ospf adj usome. Ukikuta "has larger interface MTU" kesi imeisha. GRE inakula baiti 24, ndiyo maana Cisco inaweka 1476, na mara nyingi huku MikroTik unakuta mtu kaandika 1500 kwa mkono. Angalia kwa /interface gre print.

Sasa usikimbilie ip ospf mtu-ignore, amri ya kuiambia ruta isijali tofauti ya MTU. Wengi wanaipenda kwa sababu jirani anaruka FULL fasta, lakini bomba linabaki dogo vilevile, na siku paketi kubwa zikija zinapotelea njiani na utahangaika zaidi ya leo. Pima kwanza: kutoka Dar piga ping kwenye IP ya nje ya Morogoro ukiweka size 1500 df-bit (df-bit inakataza paketi isikatwe vipande). Ikipita, weka 1476 pande zote mbili. Ikikataa shuka 1492, maana laini za PPPoE (aina ya uunganisho wa intaneti) ndizo zinaishia hapo, ikipita toa 24 upate 1468, andika hiyo kwenye taneli huku na huku.

Kitu kingine, na hiki kinawasumbua sana wanaochanganya Cisco na MikroTik: jirani anaweza kufika FULL na bado njia zisionekane kwenye routing table. Cisco inaihesabu taneli kuwa point-to-point (ruta mbili tu), MikroTik inaichukulia broadcast (mtandao wa ruta nyingi) usipoiambia. Kama unatumia RouterOS 7, mfumo wa MikroTik, nenda /routing ospf interface-template, weka type=ptp kwenye hiyo taneli, njia zitaingia.